Maoni: Kaye ya madeni yenye sura za watu, nani ataitunza?

Kama umewahi kupanda barabara ya Sake kwenda Masisi wakati wa mvua, unajua kwamba safari hiyo haipimwi kwa kilometa. Inapimwa kwa idadi ya mara ulizoshuka kwenye pikipiki ili kuisukuma. Ni katika mojawapo ya sehemu hizo za kusukuma ndipo nilipofahamiana, miaka kadhaa iliyopita, na mwenye kibutiki cha mbao kilicho kando ya tope. Anauza chumvi, sabuni, sambaza waliokauka, mafuta ya mawese yanayotoka upande wa Walikale, na mawe ya tochi. Jina lake nitaliacha. Kwa siku hizi zetu, kumtaja mtu gazetini si lazima iwe zawadi.

Nilichukua mawe ya tochi kwa deni. Akatoa kaye ya shule, ile ya kurasa mia moja, akanitazama kitambo kidogo kama daktari anavyomtazama mgonjwa, kisha akachora. Sikuelewa. Niliporudi baada ya majuma matatu, alifungua ukurasa na nikajiona: miwani, shingo ndefu, na tope hadi magotini. Chini yake ameandika kwa biki nyekundu, kwa herufi kubwa alizozichonga moja moja: BWANA WA MAWE, 1500. ANASEMA ATARUDI.

Huyu hakusomea kuchora. Nilipomuuliza alianzia wapi, alinipa jibu la mfanyabiashara: katika kituo kile kuna akina Baraka watano na akina Espérance sijui wangapi. Ukiandika "Baraka 500" umeshapoteza pesa yako, kwa sababu kila Baraka atasema ni yule mwingine. Lakini sura haina mwenzake. Basi kila mdaiwa ana sura yake, na chini ya sura kuna jina ambalo muuzaji mwenyewe amempa: Mama wa chumvi. Papa mwenye koti. Motari asiyecheka. Kijana wa kaka yake yule wa jibini. Bibi wa sabuni nusu, maana siku zote hununua nusu kipande. Deni likichelewa, masikio ya mhusika yanaanza kurefushwa. Papa mwenye koti alikuwa na masikio ya sungura nilipomwona, na pembeni yake imeandikwa: AKILIPA NITAMUPUNGUZIA.

Ukiigeuza kaye na kuifungulia nyuma, hapo hakuna madeni. Kuna anayoyaona mlangoni siku ambazo wateja ni wachache. Chukudu lenye magunia ya viazi linateremka, mwenyewe amelirukia mgongoni, miguu hewani: KUPANDA NI KWANGU, KUSHUKA NI KWA MUNGU. Wanaume wawili wamebeba pikipiki begani katika tope: LEO PIKIPIKI IMEPANDA MUTU. Mbuzi juu ya lori lililojaa abiria: HUYU PEKEE HAKULIPA NAULI, LAKINI ATALIPA. Gari jeupe la shirika, mtu ameshuka na karatasi mkononi: AMEKUYA KUTUHESABU. JANA PIA TULIKUWA WALE WALE. Maandishi hayo nayanakili jinsi yalivyo. Mwalimu angeyapitishia kalamu nyekundu kwanza kwa "mutu", kisha kwa "kuya". Mimi nayaacha, kwa sababu ndivyo tunavyosema.

Nimecheka sana kwenye kaye ile, lakini nilichoka kucheka siku nilipoanza kufikiria etiketi.

Sisi watu wa Masisi na Walikale tunabandikwa etiketi kila siku. Kuna ile ndogo ya plastiki iliyokuwa ikifungwa kwenye gunia la koltani ya Rubaya, au inayofungwa kwenye la kasiteriti ya Walikale, yenye nambari, ili mnunuzi wa mbali ajue gunia limetoka shimo gani. Etiketi hiyo dunia inaisoma. Umoja wa Mataifa umeandika kwamba Rubaya peke yake hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima, na tangu mji huo uingie mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa nne mwaka 2024, kila mtaalamu wa Ulaya na Marekani amejua kutamka jina lake. Gunia linajulikana. Aliyelibeba mgongoni hajulikani.

Kuna etiketi za ardhi. Nani hajaona ukutani maneno yaliyopakwa kwa brashi na haraka, kwamba parseli hii haiuzishwi? Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani ni mzaha. Sisi tunajua kwamba anayeandika hivyo ameshasikia kuna mwingine anazunguka na hati ya kiwanja chake. Na kuna etiketi mbaya kuliko zote, ile anayobandikwa mtu mwenyewe: huyu ni wa hapa, huyu amekuja, huyu ana haki ya kilima hiki, huyu hana.

Hiyo ya mwisho imeshatuua. Vita vya mwaka 1993 vilianzia sokoni, soko la Ntoto, huko Walikale karibu na mpaka wa Masisi, mwezi wa tatu. Vikaenea Masisi kilima kwa kilima, maelfu ya watu wakafa na laki kadhaa wakakimbia. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi, na wapo ambao bado wanahesabu miaka yao kuanzia hapo: kabla ya Ntoto, baada ya Ntoto. Sitafungua hapa kesi ya nani alianza. Nataka tu tukumbuke kwamba ilianzia sokoni, mahali ambapo watu hukutana kwa sababu mmoja ana chumvi na mwingine hana.

Sasa turudi kwenye kaye. Niliipitia ukurasa kwa ukurasa, huku mwenyewe akipimia watu mawese kwa kikopo. Wamo Wahunde, wamo Wahutu, wamo Watutsi, wamo Wanyanga na Watembo walioteremka na mizigo; wengi nawajua, au nilizijua salamu zao. Lakini hakuna hata ukurasa mmoja alipoandika kabila. Hata mmoja. Mama wa chumvi ni Mama wa chumvi. Nilimuuliza kama alifanya kusudi. Alishangaa kidogo, kisha akasema: "Kabila halina deni. Mutu ndiye ana deni."

Naomba msomaji asinielewe vibaya. Huyu si mtakatifu, na bei yake ya sabuni inajulikana. Hakuwa anahubiri amani. Alikuwa anatafuta pesa yake. Lakini ndiyo sababu ninaiamini kaye ile kuliko semina nyingi nilizohudhuria Goma, zenye kofia na fulana. Aliyeichora hakuwa na sababu ya kutupendezesha. Aliwatambua watu kwa kile kilichomfaa yeye kuwatambua: koti, ucheko, kipande cha sabuni. Nasi tuliishi hivyo kwa siku nyingi zaidi kuliko tulizopigana. Ni kwamba hizi siku za kupigana ndizo zilizoandikwa.

Kuna kitu kimoja hakimo katika kaye, nacho pia kinasema. Hakuna milima. Masisi bila milima! Ng'ombe wamo, wale wa jibini, wanene kuliko wenye kuwachunga, lakini wamesimama juu ya ukurasa mweupe kama vile wananing'inia hewani. Sababu ni hii. Alizoea kuichora milima pamoja na majina yake: hapa shamba la fulani, hapa kisima, hapa njia ya mkato. Siku moja alisimamishwa kwenye bariere. Sitasema ni bariere ya nani. Anayeishi kwetu anajua zilivyo nyingi, na anajua kwamba zote zinauliza swali lile lile. Mfuko ukafunguliwa, kaye ikatoka. Kijana mwenye silaha akaufikia ukurasa wa mlima, akasoma majina, akauliza: "Hii ni ramani ya nani?" Muuzaji akajibu: "Si ramani, ni ng'ombe." Na kweli ng'ombe alikuwapo, mdogo, juu kabisa ya kilima.

Kwa jibu kama hilo watu wamepotea. Kilichomwokoa ni kwamba mkubwa wa bariere alitaka naye achorwe. Akamchora, akamwongezea mabega na kumpunguzia tumbo. Ikabaki etiketi. Anasema hapo ndipo jasho lilipomtoka, maana hakujua aandike nini chini yake. Akaandika MUKUBWA, basi. Mkubwa akafurahi, ukurasa ukachanwa na kuwekwa mfukoni, na ukurasa wa mlima ukachanwa na kutiwa motoni. Toka siku hiyo hachori mlima. Mtu akija miaka hamsini ijayo kuitazama kaye hii, ataona ng'ombe wa hewani na hatajua kwamba hofu ndiyo iliyofuta ardhi chini ya miguu yao.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, mapigano yalipoikaribia Sake, alikimbia kama wengine. Alifunga kibutiki akaacha karibu kila kitu, ila kaye aliichukua. Si kwa ajili ya sanaa; mule mlikuwa na pesa zake. Akaishia Bulengo, magharibi mwa Goma, chini ya shitingi, kati ya maelfu ya watu. Huko wadaiwa wake wakaanza kutokea mmoja mmoja. Aliniambia huku akicheka kwamba hajawahi kuona wadaiwa wanaomtafuta mwenye deni. Hawakuja kulipa, wangelipa nini? Walikuja kujitazama. Nyumba zilikuwa zimebaki juu, picha za harusi zilikuwa zimebaki juu, na katika kambi ile ushahidi pekee kwamba Bibi wa sabuni nusu alikuwa na mahali pake duniani ulikuwa ukurasa mmoja uliosema kwamba anadaiwa falanga 400.

Akaja mama mmoja ambaye mume wake alikuwa amekufa njiani. Aliomba aonyeshwe ukurasa wa mume wake. Alikuwa ni yule Papa mwenye koti. Mama akautazama kwa muda mrefu, akayacheka yale masikio, kisha akalia, kisha akaomba apewe. Hakuwa na picha nyingine yoyote ya mtu yule. Muuzaji akaukata kwa wembe, polepole, akampa. Aliponisimulia alisema tu kwamba deni lilikuwa 3000, na kwamba masikio alikuwa ameshayafuta kabla ya kukata, ila biki nyekundu haifutiki vizuri.

Mwezi wa pili mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka, kambi za pembeni ya mji zilivunjwa kwa siku chache. Watu wakaambiwa warudi makwao. Nilipita hapo baadaye. Kulikuwa na vijiti, mavi ya mbuzi, na mawe meusi yaliyopangwa pembe nne pembe nne mahali vibanda vilipokuwa. Juu ya shitingi zile watu walikuwa wameandika kwa makaa na kwa rangi: majina ya vijiji walivyotoka, mistari ya Zaburi, vichekesho, "Hotel 5 étoiles", "Hapa tunanyoa". Mji mzima wa maandishi ya mikono. Sijui kama kuna aliyeupiga picha kwa ajili ya maandishi. Wapiga picha waliokuja, na walikuja wengi, walitafuta mtoto anayelia.

Mtu atauliza kwa nini nasumbuka na kaye ya mchuuzi. Ni kwa sababu nchi hii imeshawahi kupoteza mtu wa namna hii, ikanusurika kupoteza kazi yake kwa bahati tu. Huko Lubumbashi kulikuwa na mchoraji aitwaye Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya magunia ya unga, akauza kwa majirani kwa pesa ndogo, na juu ya picha zake aliandika maneno, kwa Kifaransa chenye makosa ya herufi. Alijiita mwanahistoria. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na mwalimu wa chuo kikuu pale, Mjerumani Johannes Fabian, na akamchorea historia nzima ya Kongo, picha zipatazo mia moja: wafalme wa zamani, Wazungu, Lumumba, Katanga, Mobutu. Kila picha aliifafanua kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Fabian akarekodi sauti na akanunua picha. Baada ya mwaka 1981 Tshibumba hakuonekana tena, na hadi leo hakuna ajuaye alipoishia. Kitabu kikatoka Marekani mwaka 1996. Picha zenyewe ziko katika jumba la makumbusho Amsterdam.

Karibu zaidi nasi, kule Walikale, Wanyanga wana utenzi wao mkubwa wa Mwindo. Mwaka 1956 mzee mmoja msimulizi, Candi Rureke, aliuimba na kuusimulia mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake, nao wakauandika. Ulichapishwa mwaka 1969, na leo unafundishwa katika vyuo vya Marekani. Mtoto wa Walikale anayeufahamu shuleni ni nani? Sisemi watu hawa walituibia. Bila wao tusingekuwa na kitu. Nasema mara zote mbili ilibidi mgeni apite siku ile, akiwa na karatasi, akiwa na muda. Siku hizi mgeni hapiti. Na akipita anakuja kutuhesabu.

Wapo waliofika mbali kwa njia yao wenyewe. Chéri Samba alianza Kinshasa kwa kupaka mabango ya maduka, akafungua karakana yake mwaka 1975, na akazoea kuandika maneno marefu juu ya picha zake ili mpita njia asimame asome. Mwaka 1989 alikuwa Paris katika maonyesho makubwa. Lakini Kinshasa ni Kinshasa. Anayepaka mabango Masisi-centre au Mubi hana mpita njia wa Paris.

Wengine watanijibu: watu wanakufa, shule zimefungwa, na wewe unatuletea habari za michoro. Swali ni la haki, na sina jibu la kulimaliza. Najua tu kwamba kwetu madaftari ya chefferie yameungua zaidi ya mara moja, na kila yanapoungua hutokea mtu wa kutuambia nani alikuwa anakaa wapi na nani hakuwahi kukaa. Anayepinga hana karatasi. Kaye ya madeni haitakubaliwa mahakamani, lakini inasema kwamba siku fulani, kwenye kituo fulani, watu hawa wote walisimama mbele ya meza moja na kukopa chumvi kwa mtu mmoja, naye akawaamini.

Kwa hiyo maombi yangu ni madogo. Vijana wenye simu, mkipita kwenye butiki za namna hii, ombeni ruhusa, pigeni picha kurasa, mzitunze mahali zaidi ya pamoja. Na wale waliochorwa wasitangazwe bila kuulizwa, kwa maana sura nayo inaweza kuwa hatari, tumeshaona. Walimu, mtoto akichora mbuzi pembeni mwa zoezi la hesabu, mwekeeni alama zake za hesabu kisha mwambieni aandike chini ya mbuzi ni wa nani na anaitwaje. Mimi nilichapwa kwa kosa hilo, na bado sijui kugawanya. Watu wa Yolé!Africa pale Goma, na parokia zenye makabati yanayofungika, mna uwezo wa kupokea kaye moja au kumi. Na wenye maduka, mnapopaka ukuta upya, pigeni picha maandishi ya zamani kabla ya brashi kupita.

Muuzaji wetu amesharudi juu. Kibutiki kilikuwa kimebaki nguzo mbili. Amejenga kingine, kidogo zaidi, na amenunua kaye mpya, ingawa ile ya zamani bado haijajaa. Kuna jambo moja ambalo sikulieleza mapema: mdaiwa akilipa, sura yake inapigwa mstari mkubwa wa biki toka kona hadi kona. Waliobaki wazima katika kaye ile ni wale tu wasiolipa.

Ndiyo maana nilikawia. Mwezi uliopita nikamtumia 1500 yangu kwa simu, miaka na miaka imepita, nikamwomba kwa ujumbe asinipige mstari, aniache na tope langu magotini. Jibu lilikuja kesho yake, mtandao ulipopatikana: "Deni imeisha, asante yaya. Ila kama sura inabakia, hiyo ni 500 ingine."